Kupima Pawa Saplai kwa Mkono

Jumamosi, Kaloleni

Ile pawa saplai ya wati mia tano ndiyo niliyoitaka mimi. Namba kubwa, nguvu kubwa, ndivyo nilivyodhani. Miezi minane nimekusanya vipuri vya kompyuta yangu ya gemu, na pawa saplai ndiyo inayovigawia umeme; iliyo mbaya ingeviunguza vyote mara moja, maana umeme wa huku unapanda na kushuka.

Dada Aikande, fundi tunayepanga naye nyumba moja, hakusoma hata kibandiko. Alizitoa mbili alizokuwa nazo, ile na nyingine ya wati mia tatu, akaniwekea moja mkono huu, nyingine mkono ule.

"Kaka, wewe si unashusha simenti kila siku? Niambie ipi imeshiba."

Nikasema hii ya mia tatu. Ile nyingine nyepesi kama kopo tupu.

"Basi hiyo ya mia tano inajisifu tu."

Akazifungua zote mbili. Ndani ya ile nyepesi waya wa shaba ulikuwa mwembamba, na nafasi nyingi zimeachwa wazi. Mwanamke huyu ana akili, jamani.

Tukafunga ile nzito. Wakati wa kuwasha akarudi nyuma, akafumba macho.

"Washa wewe. Mimi naogopa."

Nikawasha. Feni ikazunguka, kioo kikawaka, gari la mashindano likatokea. Mgongo unaniuma, lakini bado nacheka peke yangu.

Tangu nitoke Kigoma watu huniuliza naweza kubeba mifuko mingapi. Leo fundi ameniuliza ninaonaje, na akafuata nilichosema.