Gari Lililopinduka Louisville

Highview, Louisville
16 Juni 2025

Mama yangu mpendwa Marita,

Nakusalimia kwa upendo wa Kristo, wewe na dada Kamikazi na watoto wake wote hapo Gahanna. Goti linaendeleaje? Kamikazi aliniambia umeanza kupanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, nikamshukuru Mungu. Sisi huku ni wazima. Joto limeingia, kazi ya ghalani ni nyingi, lakini tunalala na kuamka, na chakula kipo.

Bon, Mama, nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikitaja tu gari, unalia, na Kamikazi anachukua simu na kusema tutaongea kesho. Karatasi Kamikazi atakusomea pole pole. Mkifika mahali pa kulia utalia, kisha mtaendelea.

Najua umeonyeshwa ile video. Kina mama wa maombi wa Buffalo waliipata kabla hata sisi hatujafika nyumbani, wakakutumia. Umeona gari jekundu likigonga ukuta na kupinduka, na mtu mwenye kofia ngumu akivutwa nje kupitia dirishani. Wamekuambia ni Semahoro. Naanza na hili, basi: mwanao Semahoro ni mzima, hajavunjika hata kidole. Jana baada ya ibada alikula ugali na sombe mpaka nikamficha sufuria.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, maana najua unajiuliza mtoto aliyekulia nyuma ya ng'ombe alifikaje kwenye mbio za magari. Pale garaji anapofanya kazi alikuja mzee mmoja Mmarekani, jina lake Wendell, kutengenezesha gari lake la mizigo. Huyu mzee ana kiwanja cha mbio nje ya mji, alichojengewa na baba yake. Si vile viwanja vikubwa vya kwenye televisheni. Ni mviringo mdogo wa lami, mfupi hivi kwamba ukikaa kwenye jukwaa unamwona dereva mzunguko mzima. Zamani kila Jumamosi watu wa kawaida walishindana pale, wauza nyama, madereva wa basi, walimu, kila mtu na gari alilolitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba. Kisha corona ikafunga kiwanja, mke wake aliyekuwa akiuza tiketi akafariki, na kufuli la geti likashika kutu.

Semahoro alikwenda kukiona Jumapili moja. Alirudi suruali imejaa mbegu za majani, akazungumza juu ya kukifungua tena pamoja na mzee mpaka chai ikapoa. Mama, tangu tulipokuwa kambi ya wakimbizi sikuwahi kumsikia akizungumza namna hiyo.

Baadaye alimpata Balagizi, ambaye anaishi mtaa wa Kensington-Bailey huko Buffalo, anafanya kazi kiwandani, na ameshindana miaka mingi kwenye viwanja vidogo vya huko. Ni Mushi wa Kabare, kabila ambalo kule nyumbani hatukuaminiana nalo. Najua hapo utakunja uso. Hata mimi nilisita kumfungulia mlango. Lakini yule mtu aliendesha kutoka Buffalo mpaka hapa kwa ajili ya kutushauri, akalala kwenye kochi letu, na asubuhi nikamkuta ameshaosha vyombo. Alitueleza kwamba viwanja vidogo vinakufa kwa sababu mchezo umekuwa wa wenye mali. Akashauri tuanze na magari ya kawaida yaliyochakaa: unatoa vioo na viti vya nyuma, unachomelea mabomba ya chuma ya kumkinga dereva, basi. Mtu anayefanya kazi ya zamu ataweza, na watazamaji watakuja kumshangilia jirani yao.

Shida ilikuwa watoto wa Wendell. Walitaka kuuza ile ardhi ijengwe maghala. Mzee aliwaomba Jumamosi moja tu. Watu wakija na magari yakitosha, wamwachie kiwanja. Yasipotosha, atatia sahihi na hatalalamika.

Tulifanya kazi, Mama. Kwaya yetu ilikuja kung'oa majani yaliyopasua lami. Wazungu wa pale, waliokuwa wakishindana zamani, walikuja kupaka ukuta rangi. Mwanzoni kila kundi lilikula upande wake. Siku moja mama mmoja wa Kizungu akaja kuuliza kwa nini maharage yetu yananukia vile, na tangu siku hiyo tukala meza moja. Majirani wa kiwanja walilalamika juu ya kelele. Semahoro alikwenda kwenye mkutano wao pamoja na mzee, akawaahidi kwamba injini zote zitazimwa kabla ya jua kuzama. Wakakubali, ingawa si wote kwa moyo.

Jumamosi ikafika. Mimi tangu asubuhi nilikuwa natazama barabara tu. Kwanza halikuonekana gari hata moja, na mzee alikuwa anafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Kisha likaja moja juu ya trela kutoka Columbus, halafu marafiki wa Balagizi kutoka Buffalo, halafu vijana wa hapa hapa Louisville, na watu na watoto wao na viti vyao vya kukunja. Jukwaa lilijaa. Wengine walisimama kando ya uzio wa waya. Mzee alisimama getini na ufagio wake, akiwapisha watu.

Lakini gari moja la Buffalo lilikufa njiani. Bima ya kiwanja ilitaka idadi kamili ya magari kwa kila mbio, na bila gari letu jekundu, alilolitengeneza Semahoro, mbio zile kubwa zisingefanyika. Gari letu likaingia. Mwanzo lilikwenda vizuri, likawapita wawili. Kwenye kona ya mwisho gari la mbele liliteleza, la kwetu likalikwepa, likagonga ukuta, likalala juu ya paa. Dereva alipokwisha kuvutwa nje, ndipo ilipokoma video uliyoiona. Hawakukuonyesha kilichofuata: mkono wenye glavu ukipunga, na jukwaa zima likipiga makofi. Daktari alipima shingo, akapima macho, akasema ni michubuko tu. Binti yake Wendell alishuka kutoka jukwaani akamwambia baba yake kwamba msimu uendelee. Mzee aliketi kwenye ngazi akalia, na watu walimwacha alie.

Sasa Mama, kaa vizuri.

Mtu wa kofia ile ni mimi.

Kabla ya mbio kuanza Semahoro alikwisha kuketi kwenye usukani. Nilipoinama dirishani kumwombea, nikaona anafunga na kufungua mkanda ule ule. Aliniambia kwa lugha ya kwetu, "Kirezi, namwona Baba." Unajua kwamba lori lilipopinduka kwenye mteremko wa Uvira na kumwua Baba, yeye alikuwa ameketi kando yake. Unajua pia kwamba hajawahi kutuambia neno lolote la siku hiyo. Gari letu nilikuwa nimelijaribu mara nyingi. Kila alipolitengeneza alinipa mimi ufunguo, akisema yeye asikilize injini akiwa nje. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nikamwambia ashuke. Nikavaa kofia. Sikutaka kwenda, Mama, usifikiri nilikuwa shujaa. Nilimtazama mzee na ufagio wake, nikaingia.

Na nilipokuwa kichwa chini, mafuta yananukia, aliyefika wa kwanza ni Semahoro. Aliruka ukuta kabla ya watu wa zima moto. Alikata mkanda, akanishika kwapani, akanivuta nje. Hakusita hata kidogo. Alinikalisha kwenye majani, akanigusa mikono na miguu kama mtu anayehesabu watoto wake, kisha akanieleza kwamba siku ile ya lori yeye alikuwa mtoto, alivuta mlango wa Baba mpaka vidole vikatoka damu, na mlango haukufunguka. Amekaa na jambo hilo peke yake miaka yote hii, akidhani unamlaumu. Halafu akasema, "Leo nimemtoa mtu."

Donc, usimwambie aache garaji. Jumamosi ijayo anakuja Gahanna. Atakuja peke yake, na anataka kukusimulia siku ya Baba yote, tangu walipotoka nyumbani. Nakuomba usimkatize, hata pale patakapokuuma. Mpe kiti karibu nawe, umwache aseme mpaka mwisho.

Mimi nina alama ya mkanda begani na hamu ya kukuona, hakuna kingine. Mwambie Kamikazi apunguze sauti ya kucheka, najua atakuwa amekusomea akicheka na kulia. Wasalimie wazee wa kanisa. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri usiku wa leo.

Ni mimi binti yako,
Kirezi