Nilipita Juu ya Shamba Letu

Mbeya, Tanzania

Kwako ndugu yangu Okoth,

Pokea salamu, omera, wewe na wote wa boma letu. Goti la Mama linaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio una lake, na ndio ulionishikisha kalamu.

Mwajiri wangu, Bwana Piet, alimaliza kazi yake ya barabara Nairobi, akaamua kurudi kwao Afrika Kusini kwa gari, mimi nikiendesha. Safari ya siku kumi imekuwa ya mwezi mzima, kwa sababu akiona mlima tu, "Simama, Otieno." Anafungua parachuti lake, anakimbia kwenye mteremko, huyoo, upepo umemchukua. Mimi nafuata na gari huku chini nikimtafuta angani, kisha namsubiri kando ya mashamba ya watu nisiowajua. Wakija, wanakuja kumtazama yeye. Mimi hakuna anayeniuliza natoka wapi. Nimekuwa mpweke, Okoth, sikufichi.

Kwa ajili ya milima hiyo tulizunguka mpaka Homa Bay, akakipenda kile kilima cha nyuma ya kwetu. Nikamwomba aruke na mimi, maana analo parachuti la watu wawili. Sikukuandikia kwamba nakuja. Nilitaka kuwashtua: nitue karibu, niingie nyumbani, nishike jembe nipande. Miguu ilipoacha ardhi nilitaja majina ya babu zetu wote. Kisha nikaliona bati la Mama. Shamba lake, mahindi yameshatoka. Lako nalo kijani. Langu katikati, magugu matupu.

Unajua kama ninavyojua. Tangu Baba atutoke, Mama hupanda kwanza, kisha mimi, ndipo wewe. Mdogo hamruki mkubwa ila mkubwa akiwa amekufa. Nikajiuliza, hawa wamenizika lini?

Mama alitoka nje, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama. Nilimwita. Hakusikia. Alitazama kidogo, akarudi ndani.

Tulitua ng'ambo ya barabara ya Oyugis. Bwana Piet akasema, "Si ni hapa kwenu? Twende tukasalimie." Nikamwambia wote wameenda sokoni. Nilidanganya huku nikiona moshi wa jiko la mkeo. Tukapanda kilima kufuata gari, tukapita Migori hadi mpakani.

Nilikukasirikia mpaka Dodoma. Kila kijiji nilikugombeza kichwani, na wewe hukujibu hata mara moja. Sasa hasira zimeisha na ukweli umebaki. Mwaka jana mlinisubiri mpaka nilipofika, mkapanda mvua zikielekea kuisha, mkala mahindi ya kununua. Mwaka huu Mama aliniandikia mara mbili nije, au niseme tu mpande. Nilinyamaza kwa kiburi, nikijua hamtanipita. Watoto wako hawawezi kula ukubwa wangu.

Msalimie Mama, msalimie shemeji yangu na watoto, na dada yetu aliyeolewa Migori, ambaye nilipita mlangoni pake kama mwizi. Mwambie anisamehe.

Msimu ujao usinisubiri, panda. Ila kabla hujashika jembe, niandikie wewe mwenyewe uniulize. Nitasema ndiyo, Okoth. Nataka tu kuulizwa.

Ni mimi kaka yako,
Otieno