Ulichomficha Zuwena

Nassor, mdogo wangu,

Nimevunja kiapo chako. Nakwambia mwanzo kabisa, kama nilivyofundishwa kuandika habari. Ijumaa iliyopita nilimwambia Zuwena kwamba ulimwacha kwa sababu ulikuwa unakufa, si kwa sababu ulimchoka.

Utanuna. Nuna.

Zile filamu zako za Kichina ndizo zilizokuharibu. Kila Ijumaa baada ya chakula, hapa hapa nyumbani Al Khoudh, ulitukalisha mbele ya watu wanaopaa juu ya mianzi na majoho yao meupe, wakipigana kwa panga bila kutoka jasho. Hilo nilizoea. Sikuzoea mapenzi yao. Shujaa amelishwa sumu, siku zake zimebaki chache, basi anamtukana mpenzi wake na kumfukuza ili amchukie, kisha anakwenda kufa peke yake kwenye theluji. Wewe machozi, Zuwena machozi, na mimi nauliza kwa nini asimwambie tu. "Dada, weye huna moyo, una daftari," ulinijibu siku moja, mkeo akacheka hadi akamwaga chai.

Kumbe ulikuwa unajifunza.

Daktari alikupa majibu Jumatatu. Alkhamisi ukampa Zuwena talaka, ukamwambia huoni tena raha kumtazama. Maneno hayo hayakuwa yako. Akafunga nguo zake, akaenda kwa kaka yake Al Amerat. Mimi ulinieleza ukweli hospitali, ukiwa na mpira wa hewa puani: "Usimwambie. Bora anichukie kuliko anililie." Nikaapa. Ningepaswa kukubishia, hata katika hali ile.

Ulikufa wiki mbili baada ya eda yake ya talaka kwisha. Wiki mbili, Nassor! Kwa hiyo hakukuosha, wala hakukaa eda ya kufiwa. Alikuja matangani, akaketi na majirani, akapewa kahawa na tende kama mgeni. Bi mmoja akamwuliza, "Weye nani wake marehemu?" Miaka kumi na moja ya ndoa, naye akajibu, "Tulikuwa tukijuana."

Nilinyamaza hata hapo. Kosa hilo ni langu, sikutwishi.

Ijumaa nilimpelekea cherehani yake, iliyokuwa imebaki chumbani kwako. Hata sijakaa, akanishika mkono. "Wifi, nambie kosa langu. Kwa kuwa sikumzalia? Nnajiuliza kila nikiamka." Amekonda. Amekwenda kwa madaktari wawili kuchunguzwa uzazi, mwanamke aliyekwisha kuachika, ili ajue tu. Filamu zako hazikutuonyesha hayo. Ulitaka akuchukie wewe, naye amejichukia mwenyewe. Na ule mnaouita upendo mkubwa, niambie, yeye aliulizwa lini?

Nikamwambia yote. Hakulia. "Alininyima hata kumpa maji," akasema. "Nani kamwambia sitaweza? Nani?" Kisha akaanza kuniuliza, na mimi niliyehoji watu maisha yangu yote sijaona mtu aliyehoji vile: ulikula nini, nani alikugeuza kitandani, ulilalia ubavu gani, ulisikia baridi au la. Nilipokuwa sijui nikamwambia sijui. Mwisho akauliza kama ulimtaja.

Uongo ungekuwa rahisi. Nikamwambia hukumtaja, ila kila mlango wa chumba ulipofunguka uligeuza kichwa, na ukiona ni muuguzi ulifumba macho. Hapo akalia, kwa sauti, mpaka wifi yake mwingine, mke wa kaka yake, akaja mbio kutoka jikoni kuuliza nani kafa. "Mume wangu," akasema.

Nilikuahidi kunyamaza nikashindwa. Nakupa ahadi nyingine, na hii nitaitimiza: nitakwenda Al Amerat kila atakaponiita, na nitamjibu kila atakachouliza juu yako, hata kile kitakachokuaibisha. Sitakupamba wala sitakuchafua.

Pumzika sasa. Namwomba Mungu akusamehe, Nassor. Mimi bado.

Dada yako