Nafumua Ukili wa Bibi Akiwa Amelala

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana kuna sauti moja imenikaa masikioni wiki ya pili sasa, nayo ni msonyo, msonyo mmoja mfupi wa bibi yangu mzaa mama, na mpaka leo sijui alikuwa anamsonya nani.

Nina miaka ishirini na minne. Nilipomaliza chuo na kazi zikawa hazionekani, mama alinituma nikakae na bibi kwa kuwa anaishi peke yake, nami nikakubali upesi kuliko alivyotarajia kwa sababu nilikuwa na langu moyoni, nilitaka bibi anifundishe kusuka mikeka. Bibi anasuka tangu mama hajazaliwa. Anachana majani ya mkindu kuwa vipande vyembamba, ndiyo miaa, anasuka miaa tisa tisa kuwa mkanda mrefu, ndio ukili, kisha mikanda hiyo inashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka unatimia. Na kwake kuna sheria moja tu: mwanafunzi husuka, hashoni, mpaka yeye mwenyewe atamke, "Shona." Mama alisuka miaka miwili hakuambiwa, akaolewa zake.

Miezi ya mwanzo bibi alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya ukili wangu, anasonya, anafumua wote, ananirudishia majani. Mama mdogo akija kutusalimia anacheka, eti msomi mzima anashindwa na majani. Sikujali. Nilikuwa na utulivu ambao sikuwahi kuupata darasani, na taratibu misonyo ikapungua, ikaisha.

Tatizo lilianza siku nilipohesabu miaa kwenye ukili wa bibi mwenyewe nikakuta saba. Nikahesabu tena. Alianza na tisa, miwili ikamponyoka njiani asijue, na mkanda ukabana katikati kama shingo ya chupa. Nikamtazama anavyochomeka jani jipya, nikaona anapapasa. Ni macho. Nilitaka kusema, lakini wakati huo huo alikuwa anaongea na mwalimu wa chekechea aliyekuja kuagiza mikeka sita, nikamsikia anamwambia, "Mwili umezeeka, vidole bado," na alivyoyatamka nikashindwa kufungua mdomo. Mchana alipojilaza baada ya chakula nikachukua ukili wake, nikafumua hadi pale mwaa ulipoponyoka, nikasuka upya mpaka urefu ule ule aliokuwa ameufikia, nikaurudisha kikapuni. Kesho yake nikafanya tena. Mshauri, nimefanya hivyo miezi mitatu. Mikeka mitatu imeshapelekwa, mwalimu ameisifu, bibi anatembea kifua mbele, na ukili ninaomwonyesha kuwa ni wangu anaupapasa na kuniambia, "Bado, mjukuu wangu, wako bado," wakati huo huo ukili wangu mwingine anaushona mwenyewe akidhani ni wake, na mimi nataka kucheka, nataka kulia, naona haya.

Basi wiki juzi alikuwa anashona, sindano mkono huu, kidole gumba cha mkono wa pili kikitangulia, na kilipofika kwenye kipande nilichosuka mimi kikasimama. Mimi natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mikunjo yangu ya ukingoni inaangukia upande usio wake, na mkono wa mtu kama yeye unaweza kuhisi hilo hata gizani. Akasonya. Kisha akaendelea kushona. Na tangu siku hiyo akienda kujilaza harudishi ukili kikapuni, anauacha juu ya kigoda changu, sijui ni kusahau, sijui ni nini. Kama anajua, mbona anasema wangu bado? Kama hajui, alimsonya nani? Nikisema, namnyang'anya kitu pekee anachojivunia, nisiposema, mikeka mitatu iliyobaki itakwenda kwa jina lake nayo si yake, na si yangu. Sijui hata ni ya nani. Nifanyeje?

Mjukuu

JIBU

Mjukuu, nimekusoma mara mbili, na mara zote mbili nimekuhurumia na kutaka kukufinya sikio. Umehesabu miaa ya bibi yako, umepima kimya chake, umechunguza hadi kidole chake gumba, lakini hakuna mahali ulipoandika kwamba umempeleka kwa daktari wa macho. Miezi mitatu. Msomi wewe. Pengine kuna tiba, pengine hakuna, mimi si daktari, lakini wewe umeamua kuyatibu macho ya watu kwa kufumua majani.

Unauliza kama anajua. Binti, mtu anakuachia kazi yake juu ya kigoda chako kila siku, ulitaka akuandikie barua? Anajua. Kwa nini anasema wako bado, hapo sitajifanya mganga, ila nahisi anaogopa: mwanafunzi akihitimu huaga. Wewe unamlinda kwa kumdanganya, naye analipa kwa fedha ile ile. Mficha uchi hazai.

Kuanzia leo usiguse kazi yake akiwa amelala. Chagua asubuhi ameshakunywa chai, kaa chini kuliko yeye, mwonyeshe ulichosuka wewe na umwambie kwa nini. Lugha ya chuoni iache chuoni. Usilie, ukilia atakubembeleza badala ya kukujibu. Na mama mdogo asiwepo. Baada ya hapo sukeni pamoja, mwaa ukimponyoka mwambie pale pale, kama yeye alivyokuwa anakwambia wewe. Akikasirika mwache akasirike, ana haki. Na kliniki ni kabla ya mwezi huu kwisha.

*Gazeti likiwa linaandaliwa, mjukuu alituletea ujumbe huu.*

Mshauri, samahani, sikuweza kungoja jibu lako. Jumatatu asubuhi nilimwekea bibi mapajani ukili wa mkeka wa nne, nikamwambia kutoka hapa hadi hapa ni mimi, na ile mitatu iliyokwenda ilikuwa hivyo hivyo. Aliupapasa wote hadi mwisho. Kisha akasema, "Kila siku nikijilaza najiambia, leo nikiamka ataniambia. Nikadhani unangoja nife ndipo useme."

Nililia. Nilipotulia nikamuuliza, kama alijua kuwa mkono ule ni wangu, mbona kila siku ni bado. Akakishika kidole changu gumba akakipitisha ukingoni, taratibu, mpaka mahali ambapo kweli palikuwa pamelegea.

"Ulikuwa unakimbizana na usingizi wangu," akasema. "Hapa ndipo niliposonya."

Tumeufumua ukili wote wa mkeka wa nne, sisi wawili. Juzi nilikwenda mwenyewe chekechea nikamweleza mwalimu kwamba mikeka itachelewa mwezi mzima, na sababu nikaitaja yote. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la kliniki ya macho. Bibi yuko ndani na daktari, amekataa nimshike mkono kuingia.