Simu ya Kumwondoa Bryony

Nyumba namba 14, Mtaa wa Tanner,
Goole, Yorkshire.
9 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Audrey,

Hujambo huko Adelaide? Goti linaendeleaje, na Desmond bado anagoma kwenda kwa daktari wa macho? Sisi tu wazima, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika hata soksi. Kifua changu kimetulia. Mwanangu Gaynor bado halali vizuri.

Uliuliza kwa nini mjukuu wangu Bryony hakuanza kazi mapema Septemba kama alivyokutangazia. Kwenye simu nisingeweza kukueleza, maana Gaynor husikia kila kitu humu ndani, hata visivyokuwepo.

Mzee Ogden, seremala wa madirisha, alimkubali Bryony awe mwanagenzi wake. Msichana alirukaruka jikoni nusura amwage chai. Mama yake, Gaynor, akasema hapana. Ndipo nilipoijua hiyo sheria yao: mtoto wa miaka kumi na sita akibaki chuoni, serikali bado inamhesabu mtoto, na mama anapata posho yake. Akienda kujifunza kazi kwa fundi, basi, si mtoto tena. Posho inakatwa, na ile nyongeza kwenye msaada wa nyumba nayo kwaheri. Mshahara wa mwanagenzi unaujua, wa kununulia viatu tu.

"Kwa hiyo nikikaa chuoni napiga miayo, mimi mtoto," Bryony akafoka. "Nikishika randa, mimi nani? Shangazi yako?"

"Mpangaji," nikamwambia. "Utaanza kunilipia chai."

Alicheka. Mama yake hakucheka. Nikasema nitatoa kwenye pensheni yangu, tutabanana lakini hatutafukuzwa. Gaynor bado hapana. Ogden akatuma neno kwamba Septemba ikiisha atachukua mwingine, na mtoto wa watu akaanza kususa chakula.

Nilimwakia Gaynor, Audrey. Nilimwambia anamfunga mwanawe kwa ajili ya vijisenti. Akaniangalia, akasema taratibu, "Mama, si pesa. Ni ile simu."

Nikaikumbuka. Curtis wetu, nduguye Bryony, alipochukuliwa na homa ya uti wa mgongo, wewe ulirudi Australia baada ya mazishi, hukuona yaliyofuata. Mama mwenyewe ndiye anayetakiwa kupiga simu na kusema mtoto huyu asihesabiwe tena. Gaynor alipiga, akasubirishwa na kamuziki ka piano, kisha akaulizwa, "Mtoto ameacha kustahili tangu lini?" Simu ikamdondoka. Nikaimalizia mimi. Mpaka leo kamuziki kale kakipigwa dukani, anaacha kikapu chake anatoka.

Sasa alitakiwa apige namba ileile, aseme Bryony naye aondolewe. "Nikimtoa kwenye hesabu, naye atakwenda kama Curtis," aliniambia. Ijumaa hiyo akaandaa samaki na chipsi sahani nne, na sisi tuko watatu. Naapa hata mimi niliogopa kutazama kiti cha nne.

Nilijaribu kupiga mimi, watu wa ofisi wakanikatalia, eti mwenye posho ndiye aseme. Gaynor akarudia maneno yale ya kwenda, tukageuka, kumbe Bryony yuko mlangoni amesikia yote. Hakufoka. Akaketi sakafuni, akamlalia mama yake magotini.

"Basi, mama, nitabaki chuoni. Usijali."

Nadhani hilo ndilo lililomwinua Gaynor. Akachukua simu palepale, akaongeza sauti tusikie wote. Kamuziki kalekale, Audrey! Akashika ukingo wa meza. Hatimaye msichana wa ofisini akauliza sababu ya kumwondoa mtoto.

"Mama, upo? Samahani, mtoto amefariki?"

"Hajafa!" Gaynor akapiga ukelele. "Yuko hapa! Kanilalia mapajani, mzito kama gunia! Anakwenda kujifunza useremala!"

Msichana akasema pole, kisha akasema hongera. Nikalia kama mjinga.

Bryony ameanza Jumatatu iliyopita. Anarudi na vumbi la mbao hadi masikioni, na Ogden anasema ana mkono mzuri, ila mdomo ni mrefu. Karithi kwako.

Lakini usidhani yamekwisha. Jana imekuja barua ya ofisi: katika nyumba hii hakuna tena mtoto wa kulipiwa posho. Gaynor aliisoma mara mbili. Akaenda chini ya ngazi, akaita, "Bryony!"

"Nini, mama?"

"Hakuna. Itika tena."

Nisalimie Desmond, Lorna na wale mapacha wake watundu. Mungu awafunike huko mliko, na kila umwitaye nyumbani kwako aitike.

Dada yako akupendaye sana,
Thelma