Kiwanja Ulichokiruka

Kawetele, 9 Juni 2004

Kaka Ambwene,

Huku baridi imeanza na migomba imezaa sana. Ule mfano wa mji wa Tukuyu uliouunda kwenye kompyuta huko chuoni umewafikia wapima ardhi. Kwetu unaonyesha uwanja mtupu, kwa hiyo wamepanga stendi. Jana walitupaka X ukutani, Jumatatu wanabomoa.

Ulipokuja kupiga picha za nyumba zote, Mama alikukataza kuelekeza kamera kwenye kaburi la Baba pale mlangoni, nawe kwa heshima ukaruka kiwanja kizima. Sasa Mama hali wala halali. Anasema yeye ndiye aliyetufuta.

Njoo, Kaka, nakusihi. Asubuhi hii ameifyeka mwenyewe migomba iliyoziba kaburi. Anasema uje na kamera, uanze na hapo.

Mdogo wako,
Esnath