Kulwa Kaonesha Ukuta Uliopinda

Jumatatu, 5 Mei
Kipindi cha Madam Mbuke tena. Somo ni kutengeneza programu, lakini kompyuta zimezimwa. Makundi yanajenga jengo kwa maboksi ya viberiti. La nini, hajasema. Anaiita ajaili: jenga kidogo, mwoneshe mteja, rekebisha. Mteja ni yeye. Atakayecheza vizuri mchezo huu ataongoza timu ya mfumo wa kweli, wa kuita bodaboda kule Bulyanhulu. Naitaka nafasi hiyo. Pacha wangu Kulwa naye anaitaka. Alitangulia kuzaliwa, na hajaacha kutangulia.

Jumanne, 6 Mei
Kulwa kapeleka ukuta mmoja, tena umepinda. Kapiga goti kidogo: "Shikamoo Madam. Mlango tuuweke huku?" Madam kacheka, kamwelekeza. Wenzangu wa kundi wakataka nasi tuoneshe. Nikakataa. Mkubwa haoneshwi kitu nusu. Kwetu mgeni hapakuliwi ugali ambao haujaiva. Nikaifunika nyumba yetu kwa khanga.
Kulwa akapita: "We Doto, hiyo nyumba si bibi harusi. Ifunue."
Wote wakacheka. Namchukia. Kwa leo.

Alhamisi, 8 Mei
Tumefunua. Kuta zimenyooka, paa limekaa. Nzuri kuliko zote, nasema bila haya. Madam kaizunguka taratibu.
"Nzuri, mwanangu. Ila mimi nilitaka duka."
Sikuwahi kumuuliza. La Kulwa limepinda kama mgongo wa ng'ombe mzee, lakini lina dirisha la kuuzia. Madam kampigia makofi. Nikapiga na mimi. Mikono ilikuwa mizito.

Ijumaa, 9 Mei
Majina yamebandikwa. Kulwa kiongozi. Chini yake, wa kwanza, mimi. Kanichagua mwenyewe. Afadhali angenisahau.
Nimekwenda ofisini bila yeye. Sijawahi. Nikaomba nihamishwe timu. Madam akauliza sababu. Nikasema namwonea wivu dada yangu. Nilidhani nitalia. Sikulia. Madam hakucheka. Kanihamisha.

Jumapili, 11 Mei
Tuko nyumbani, Kambarage. Baada ya kanisa Kulwa akakaa kwenye kigoda, mimi chini, anisuke. Akauliza nilimwambia Madam nini. Nikamwambia yote. Ni rahisi ukiwa umempa mtu kisogo.
Akasuka mistari mitatu. Halafu: "Ungeniambia mimi kwanza."
Wivu bado upo. Akaendelea kusuka, anavuta kuliko siku zote. Inauma. Nikainamisha kichwa avute.